Kizibao cha Njano Mlangoni kwa Dobi

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, mbele ya chumba changu, na kutoka pale nauona ua mzima. Naona nani anachota maji, nani anafua, nani amenuniana na nani tangu asubuhi. Watu husema mimi ni mbea. Si kweli. Mimi naangalia tu, na nikishaangalia nawaza. Simwamini mtu kirahisi, na sioni aibu kusema hivyo.

Nyumba yetu ni ya kupanga. Vyumba vimeuzunguka ua, bomba la maji ni moja, na kamba za kuanikia zimepita juu kutoka ukuta hadi ukuta. Katika chumba kinachopakana na changu anakaa mdogo wangu, fundi rangi, pamoja na mkewe. Huyo mkewe ndiye wifi yangu, na hadithi hii ni yake.

Asubuhi moja wifi alitoka amependeza. Viatu vimepigwa kiwi, nywele zimebanwa vizuri.

"Wifi, harusi ya nani leo?" nikamuuliza.

"Naenda kazini, wifi."

"Kazi gani tena?"

"Ofisi ya ustawi wa jamii, kule karibu na zahanati. Nitajitolea pale."

Nikasimamisha cherehani. "Kujitolea maana yake hulipwi?"

"Silipwi. Najifunza. Nataka kwenda chuo kusomea kazi hiyo. Wameniambia nianze kwanza kwenye ofisi za hapa mtaani, niione kazi yenyewe ilivyo. Wapo wanaofika chuoni ndipo wanagundua hawawezi kukaa na matatizo ya watu."

"Na hao wanaokufundisha, wao wanapata nini?"

Akacheka. "Wanapata mtu wa kufagia."

Mimi sikucheka. Mtu mzima anafanyishwa kazi bila mshahara, halafu anacheka? Hapa kuna namna, nikajiambia. Jioni nikamvuta mdogo wangu pembeni.

"Unajua mkeo anakokwenda?"

"Najua, dada."

"Hiyo ofisi umeiona kwa macho yako?"

"Dada, niliipaka rangi mwenyewe."

Nikarudi barazani kwangu. Lakini machale hayakuniacha.

Wiki za mwanzo wifi alifagia kweli. Alipanga viti. Aliwakaribisha watu na kuwapa maji ya kunywa. Kisha akaruhusiwa kukaa pembeni, Mama Miwani akizungumza na watu. Mama Miwani ndiye afisa ustawi wa jamii anayemsimamia. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu miwani yake ina kamba na haimtoki shingoni. Kabla wifi hajakaa pale, mwenye shida aliulizwa kama anakubali. Asipokubali, wifi alitoka nje.

"Leo nimejifunza kunyamaza," wifi aliniambia jioni moja.

"Kunyamaza nako kunafundishwa?"

"Sana tu. Mtu akianza kulia, mimi nakimbilia kusema usilie, yataisha. Mama Miwani anasema hapo namziba mdomo. Anasema nimwache amalize, kwa sababu maneno ya maana huja mwishoni."

"Kwani leo kalia nani?"

Wifi akainamia sufuria yake. "Sisemi, wifi."

"Hata mimi?"

"Hata mume wangu simwambii. Mtu akituambia jambo lake pale, linabaki pale."

Hilo liliniudhi. Huyu nimemjua tangu siku tuliyokwenda kumposa. Nguo yake ya harusi nimeishona mimi, na leo ananificha. Anayeficha ana la kuficha, ndivyo nilivyowaza. Siku hiyo nilishona mkono wa blauzi ya mteja nje ndani kwa hasira.

Halafu kikaja kizibao. Kulikuwa na mkutano wa hadhara wa wazazi, na wote wanaojitolea walipewa kizibao cha njano kisicho na mikono. Mgongoni kimeandikwa kwa herufi kubwa: USALAMA WA MTOTO. Cha wifi kilikuwa kipana, nikakipunguza mbavuni. Ee, alikipenda. Mkutano ukaisha, yeye hakukivua. Alikivaa kwenda dukani. Alikivaa akichota maji. Watoto wakawa wanamsalimia "shikamoo afisa", naye anaitikia.

Sasa nije kwa dobi.

Dobi anakaa chumba kinachotazamana na changu. Anafua na kupiga pasi nguo za watu. Ni mama wa mikono mikubwa na maneno machache, na hakai kwenye soga zetu. Ana binti mmoja, amefika umri wa kuanza shule, ambaye hasikii. Pale uani walimwita Bubu. Dobi akienda kupeleka nguo kwa wateja, alimfungia mtoto ndani kwa kufuli. Akishaondoka tu, tulisikia mlango ukigongwa kutoka ndani. Du, du, du. Kimya. Kisha tena, du, du, du.

Wapangaji wakawa na maneno. Mke wa kinyozi alisema mtoto anapigwa. Mwenye duka alisema huenda si mtoto wake wa kumzaa. Mimi nilisema kidogo tu. Nilisema, "Huyu mama si bure." Lakini nililisema mbele ya wifi.

Kesho yake, watu wamejaa bombani, nikamwona wifi anavuka ua. Amevaa kizibao. Anakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dobi.

"Hodi, mama."

Dobi akafungua, pasi iko mkononi. Akamtazama wifi. Akakitazama kizibao.

"Mama, natoka ofisi ya ustawi wa jamii. Tumesikia mtoto anafungiwa ndani. Ni kweli?"

Ndoo ilijaa ikamwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

"Nani kasema?" dobi akauliza.

Jicho la wifi likanikimbilia mimi, na dobi akaliona.

"Sawa," dobi akasema. Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Kabla jua halijazama, mtaa ulishajua kila kitu, hata yasiyokuwepo. Serikali inakuja kumchukua mtoto. Dobi ana kesi. Dobi anatafutwa. Mteja mmoja akatuma mtu kuja kuchukua mashuka yake machafu vilevile, hayajalowekwa. Mwingine akafuata. Nani anataka nguo zake zikutwe kwenye nyumba yenye kesi? Siku iliyofuata nikamwona dobi anakunja godoro na kulifunga kamba.

"Unahama, jirani?" nikamuuliza.

"Nahama."

"Unakwenda wapi?"

"Msikonijua."

Wifi akaja chumbani kwangu analia. Mimi sikumwambia usilie. Nilimwacha amalize, na kweli maneno yenyewe yalikuja mwishoni.

"Akihama atamfungia mtoto huko pia," akasema. "Na huko hakuna atakayejua. Mle ndani kuna pasi ya mkaa, wifi. Moto ukishika, mtoto hawezi kutoka, na hasikii mtu akimwita."

Hilo la moto sikuwa nimeliwaza.

"Lakini ofisini usiseme," nikamshauri. "Watakufukuza. Na chuoni watakaokusemea ni haohao."

Akajifuta uso. "Nikinyamaza na hili, nitakuwa nimejifunza nini?"

Akaondoka. Nami nikavaa viatu nikamfuata. Sikwenda kumsaidia, nisiseme uongo. Nilikwenda kuwaona hao watu kwa macho yangu.

Ofisi yenyewe ni chumba chenye mabenchi, pazia la maua na sanduku la magari ya kuchezea yasiyo na magurudumu. Rangi ya mdogo wangu imeanza kubabuka karibu na dirisha. Wifi alieleza yote, hakujipunguzia kosa. Mama Miwani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Na huyu ni nani?"

"Mimi ni wifi yake," nikasema. "Na mimi ndiye niliyesema kwamba dobi si bure."

"Haya. Yaliyotokea uani mliyaona wote, kwa hiyo hayo tutayazungumza. Ya ndani ya chumba cha dobi hatuyajui, na hatutayabuni." Akamgeukia wifi. "Nani alikutuma kule?"

"Hakuna."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Uliuliza mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote wa bombani."

"Mwanangu, kizibao ni cha mkutano wa hadhara. Mlangoni kwa mtu, kizibao ni tangazo. Kila aliyekiona alijua kwa dobi kuna jambo, na jambo lenyewe akajitungia. Tunapomtembelea mtu tunakwenda wawili, tumevaa kama watu wengine, na tumeshamuuliza kama tuje. Tukifika, tunaanza na salamu. Tuhuma haifunguliwi mlango."

Hapo nikaingilia. Nilikuwa nimelibeba swali langu njia nzima.

"Kwani nyinyi hamchukui watoto wa watu?"

Nilidhani atazunguka. Hakuzunguka.

"Hutokea," akasema. "Mtoto akiwa hatarini, na njia nyingine zimeshindikana. Na anayeamua ni mahakama. Si mimi, wala si mtu anayejitolea. Kazi yetu ya kila siku ni kutafuta namna mtoto awe salama nyumbani kwao."

Nikamchunguza usoni. Uongo sikuuona. Nikajiambia nitaendelea kuangalia.

"Lakini jambo moja umefanya sawasawa," Mama Miwani akamwambia wifi. "Umekuja kuniambia. Siri ya mtu tunaitunza, ila mtoto akiwa hatarini hukai nayo peke yako. Unaileta kwa msimamizi wako. Huipeleki bombani, wala kwa wifi." Akanitazama kwa juu ya miwani. Mimi nikawa naangalia dari.

"Nina wazo," nikasema, maana kunyamaza siwezi. "Ampelekee dobi nguo za kufua. Akishaingia ndani, amuulize polepole."

"Hapana," Mama Miwani akasema. "Huo ni ujanja. Siku akigundua hatamwamini yeye, wala mimi, wala mwingine atakayekuja baada yetu. Atarudi kuomba radhi. Asijitetee. Amuulize kama atakubali kuzungumza na sisi, na wapi, na saa ngapi. Kama hakubali, nitakwenda mwenyewe kesho, kwa sababu suala la moto siliachi."

Wifi akarudi, bila kizibao, wakati ua hauna watu. Akasimama mlangoni kwa dobi.

"Mama, nilikosea. Nilikuuliza mambo ya nyumbani kwako mbele ya watu. Naomba radhi. Mkubwa wangu anaomba kukuona, mahali utakapopenda wewe."

Mlango haukufunguliwa. Wifi akasubiri kidogo, kisha akaondoka zake. Mimi nilichemka.

"Ameombwa radhi na bado ananuna?"

"Halazimiki kunisamehe, wifi," akasema. Nikamtazama. Huyu si yule aliyekuwa anaitikia shikamoo afisa.

Asubuhi dobi alikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, mteja pekee aliyebaki. Akapita bombani na beseni lake. Bila kugeuka, akamwambia wifi, "Nikishayaanika, njoo kule nyuma ya mashuka. Uje na huyo mkubwa wako."

Ndivyo walivyoonana. Mashuka yalitanda ua mzima, na mimi barazani nikawa naona miguu tu: ya dobi, ya wifi, ya Mama Miwani, na miguu midogo iliyokuwa inarukaruka. Nikasimamisha cherehani nisikie. Upepo ukayapiga mashuka, sikusikia kitu. Nikainama. Nikasogeza kiti. Wapi.

Baadaye nilimuuliza wifi kwa kila njia. Alikataa katakata. Ninayoyasema hapa niliambiwa na dobi mwenyewe, na ndiye aliyeniruhusu niyaseme.

Mama Miwani hakuanza na kufuli. Aliuliza, "Siku yako inakwendaje, mama?" Dobi akaanza na maji ya alfajiri, akaendelea na mkaa, na pasi, na mizigo ya kubeba. Walimwacha aseme. Mwishoni ndipo likaja lenyewe. Siku moja mtoto alimfuata paka hadi barabara kubwa. Lori likapiga honi. Mtoto hakusikia, akabaki katikati ya barabara anamtafuta paka. Dereva alisimamisha lori mbele ya uso wake. Tangu siku hiyo, kufuli.

"Na ule mlango unaogongwa?" wifi akauliza kwa upole.

"Anacheza. Anaupiga, kisha anaweka viganja aone unavyotetemeka. Ndiyo ngoma yake hiyo."

"Hukuona jirani wa kumwachia?"

"Jirani gani? Hawa wanaomwita Bubu?"

Mama Miwani hakumpamba kwa maneno matamu. "Sitakuficha, mama," akasema. "Mtoto kufungiwa ndani na pasi ya mkaa, hilo lazima liishe. Lakini wewe ndiye unayemjua mwanao. Tuanzie wapi?"

Kisha akamwambia jambo ambalo dobi hakulijua. Katika shule ya msingi ya mtaa wa pili kuna darasa la watoto viziwi. Walimu wake wanafundisha kwa lugha ya alama. Hakuahidi kwamba nafasi ipo. Alisema ataulizia, akataja siku atakayoleta jibu. Siku hiyo ikafika, naye akafika. Nafasi ilikuwepo, muhula ukianza.

Ikabaki shida ya katikati hapo. Nani atakaa na mtoto mpaka muhula uanze? Jioni nikamwona dobi anavuka ua kuja kwangu. Nikadhani amekuja kunitukana, nikajiandaa.

"Nikienda kwa wateja, utakaa na mwanangu?"

"Mimi? Unaniamini?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hutoki hapo barazani, na hakuna kinachokupita."

Nikakubali. Makasi nikayaweka juu, na pasi yangu nikaihamishia ndani.

Siku ya kwanza dobi aliondoka na mzigo, na mara akarudi. Eti amesahau vibanio. Akaondoka, akarudi tena. Eti amepita tu. Sikukasirika, maana ningekuwa mimi ningejificha nyuma ya ukuta kabisa. Mtoto alikuwa amekaa miguuni kwangu, viganja vyake juu ya meza ya cherehani. Kila nilipokanyaga, alicheka. Nikagundua kwamba nakanyaga hata pale nisipokuwa na kitambaa.

Mama Miwani alimuuliza dobi kama anataka wazungumze na wapangaji. Dobi akasema wazungumze neno moja tu: mwanawe ana jina. Wifi akalisema bombani, kwa upole, bila kumtaja aliyekosa. Mke wa kinyozi akatazama ndoo yake. Godoro la dobi likafunguliwa kamba. Wateja, walipoona hakuna gari la serikali lililokuja, wakaanza kurudi mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake.

Wifi aliendelea kujitolea, sasa na pale shuleni pia, akijifunza alama pamoja na watoto. Muda wa chuo ulipofika, walimwita wakamuuliza amejifunza nini. Aliwaeleza kosa lake la kizibao lote, bila kumtaja mtu wala mtaa. Mimi nilimwambia amejiharibia. Wakamchukua. Hata sasa bado nawaza walikuwa na sababu gani, lakini nimefurahi.

Na mtoto akaanza shule. Jioni moja alirudi na wifi, begi mgongoni, mikono haitulii. Dobi alikuwa kwenye beseni, mimi kwenye cherehani. Mtoto akanionyeshea kidole. Kisha akanyoosha shingo kama kobe, akafumba jicho moja, akachungulia huku na huku. Wifi akaangua kicheko.

"Amefanya nini huyu?" nikauliza, maana nilishahisi kitu.

"Hilo ni jina lako, wifi. Shuleni kila mtu wanampa alama yake, na hiyo ndiyo jina lake. Wewe ndiye huyo."

Ua wote ukacheka. Hata dobi alicheka, na mimi sikuwahi kumwona anacheka. Kisha kicheko kikamwisha.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi ananiitaje?"

Wifi akamuuliza mtoto kwa mikono. Mtoto akamsogelea mama yake, akakunja ngumi mbili, akazikamua kama mtu anayekamua shuka zito, kisha akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe.

"Anasema mfuaji," wifi akasema. "Mfuaji wangu."

Dobi akabaki ameinama, povu linamtiririka viwikoni. Tangu amzae, hakuwa ameitwa na mwanawe hata siku moja. Akaifuta mikono kwenye sketi, akageuka akampa mtoto mgongo, akasubiri aitwe. Mtoto akamgusa begani. Dobi akageuka, na mtoto akamwita tena.